Mtaji wa Jasho

Kila kazi ina chombo chake, na kila chombo kina gharama yake. Seremala ataka mbao, msumeno na randa. Mvuvi ataka mashua na nyavu. Mkulima ataka shamba, na shamba lataka mvua ambayo haimo mikononi mwake. Katika zama zetu imezuka kazi moja ambayo chombo chake ni chepesi na malighafi yake haina uzito. Kazi hiyo ni kutunga programu za tarakilishi na za simu. Mtungaji wa programu ahitaji tarakilishi moja, umeme, intaneti, na akili iliyozoea kufikiri kwa utaratibu. Akiisha kutunga, aweza kumwuzia mtu mmoja au watu elfu moja, na nakala ya elfu karibu haimwongezei gharama ya kuitengeneza. Mwoka mikate hana bahati hiyo, kwa kuwa kila mkate wataka unga wake.

Kwa sababu ya wepesi huo, vijana wengi huiona kazi hii kuwa njia fupi ya kupata mali. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kila mwaka hunijia wanafunzi wawili watatu wanaotaka kuwa na kampuni yao ya programu. Aghalabu swali lao la kwanza ni hili: "Mwalimu, nitampata wapi mtu wa kunipa mtaji?" Swali hilo si baya, lakini limekuja kabla ya zamu yake. Liko swali linalolitangulia, nalo ni: utamtumikia nani? Anayeanza kwa fedha za wengine huwa na mabwana wawili, mnunuzi na mwenye mtaji, na siku mabwana hao wakitofautiana yeye husimama katikati. Anayeanza kwa jasho lake huwa na bwana mmoja tu, naye ni mnunuzi. Huo ndio uhuru wa mwenye mtaji mdogo, na kila funzo nitakalolitaja hapa, msomaji wangu, ni njia ya kuulinda uhuru huo.

Baadhi ya mambo haya nimeyasoma katika habari za watu wa mbali. Lakini mengi nimeyaona kwa mdogo wangu, binti wa mwisho wa mama yetu, ambaye hesabu za biashara yake nimeziandika kwa mkono wangu tangu ilipoanza mwaka 2018.

Nyumbani kwetu ni Nyandarua, nchi ya baridi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Huko mkulima hupeleka maziwa alfajiri kwenye kituo cha chama cha ushirika. Karani huyapima kwa mizani, huandika uzito wake kitabuni, na mwisho wa mwezi mkulima hulipwa kwa jumla ya siku zote. Mwisho huo wa mwezi ndio wakati wa ugomvi. Saba husomwa kuwa moja. Ukurasa uliomwagikiwa maziwa hausomeki. Jina la mkulima mmoja huandikiwa kilo za mwingine. Na mama aliyetumaini kulipa karo kwa fedha hizo hurudi nyumbani na machungu. Mdogo wangu aliyajua haya kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipeleka maziwa ya mama kituoni kabla ya kwenda shule. Alipomaliza masomo ya tarakilishi chuoni hakujiuliza dunia yataka nini. Alijiuliza kituo kile chataka nini, akaamua kutunga programu ambayo karani angeandikia maziwa katika simu badala ya kitabu.

Hili ndilo funzo la kwanza: anza na taabu unayoijua. Lakini kuijua taabu kwa mbali hakutoshi. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, mdogo wangu alisimama kando ya mizani ile asubuhi kumi na mbili. Aliona kwamba mikono ya karani huwa na maji na baridi, kwa hiyo vitufe vya programu havina budi kuwa vikubwa. Aliona kwamba vituo vya bondeni havina mtandao, kwa hiyo programu sharti ihifadhi hesabu katika simu na kuzituma baadaye. Tena aligundua jambo ambalo hakufundishwa chuoni. Lita moja ya maziwa ina uzito upatao kilo 1.03. Tofauti hiyo ni ndogo machoni, lakini katika lita 1,000 ni kilo 30. Chama kinachopokea kwa kilo na kuuza kwa lita, kisipoiingiza tofauti hiyo katika hesabu, kitaona kana kwamba maziwa hupotea kila siku, na karani asiye na hatia atashukiwa wizi. Mtu mwenye mtaji wa mamilioni angeweza kukodi watungaji ishirini hodari, na wote ishirini wasilijue jambo hilo kama hawakusimama kando ya mizani.

Watu wa mbali nao walianza hivyo. Katika mji wa Chicago, Marekani, kuna kampuni iitwayo 37signals iliyoanzishwa mwaka 1999. Mwanzoni kazi yao ilikuwa kuwasanifia watu tovuti. Wateja walipoongezeka, ikawa vigumu kukumbuka nani ameahidiwa nini na lini. Basi wakajitungia programu ya kupangia kazi zao. Wateja walipoiona, nao wakaitaka. Mwaka 2004 ikaanza kuuzwa kwa jina la Basecamp, na hatimaye kazi ya kusanifu tovuti ikaachwa, programu ikawa ndiyo biashara. Walijitibu wenyewe kwanza, kisha wakagundua kwamba wagonjwa wa maradhi yale walikuwa wengi.

Funzo la pili ni la bei. Programu ya mdogo wangu ilipokuwa tayari, mwenyekiti wa chama cha kwanza aliisifu sana mbele ya kamati, kisha akasema, "Binti yangu, tuachie bure mwaka mmoja ili tuone." Mdogo wangu akamjibu kwa adabu, "Mzee, mwezi mmoja ni bure ili mwone. Mwezi wa pili ni shilingi 2,500. Mkiona haifai, mniambie nami nitaiondoa." Kamati ilinong'ona, ikabishana, lakini mwezi wa pili ililipa. Sifa ni tamu, lakini hazithibitishi kitu, kwa sababu hazimgharimu mwenye kuzitoa. Mtu akitoa shilingi mfukoni mwake ndipo utakapojua kwamba taabu uliyoiondoa ilikuwa taabu kweli.

Utauliza, shilingi 2,500 zilitoka wapi? Zilitoka katika hesabu. Kila mwisho wa mwezi makarani wawili wa chama kile walikuwa wakitumia siku tatu nzima kujumlisha vitabu, na wakati mwingine kamati ililazimika kuwalipa wakulima walionung'unika bila kujua kama walistahili. Mdogo wangu alipima gharama ya taabu ile, akatoza chini yake. Bei ya haki hupatikana hapo: iwe ndogo kuliko hasara unayoiondoa, na kubwa kuliko gharama ya kuiondoa. Ikivuka mpaka wa juu, mnunuzi atakukimbia. Ikishuka chini ya mpaka wa chini, utajikimbia mwenyewe.

Nasi Wakenya tuna neema moja katika jambo hili. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, mtu wa Nyandarua aweza kulipwa na mtu wa Meru bila ya mmoja wao kupanda gari. Kabla ya hapo, kukusanya shilingi 2,500 kutoka upande wa pili wa mlima kungeweza kumla mtu faida yote kwa nauli. Malipo madogo ya kila mwezi ndiyo maji ya kisima cha biashara ya programu, na njia ya kuyateka imekwisha kuchimbwa.

Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina ujasiri wa kuwapinga wazee, lakini naomba ruhusa ya kuieleza methali yao. Embe zuri hujiuza kwa kuwa lina rangi na harufu, nalo liko sokoni mahali ambapo kila mtu hupita. Programu haina rangi wala harufu, na soko lake halionekani. Hapana mtu atakayeipita njiani akavutwa nayo. Kwa hiyo katika mwaka wake wa kwanza mdogo wangu alipanda matatu akavitembelea vyama 31. Mahali pengine alingojeshwa tangu asubuhi hadi alasiri. Pengine aliulizwa baba yake ni nani. Pengine aliambiwa arudi na mwanamume wa kueleza mashine. Kati ya vyama 31 vitano tu vilikubali. Katika miaka iliyofuata vilijiunga vyama 11 vingine, na vinane kati ya hivyo vilikuja vyenyewe kwa sababu karani wa hapa alimsimulia karani wa kule. Basi methali ya wazee ni ya kweli, ila ina masharti: kizuri hujiuza baada ya mwenyewe kukitembeza kwa mara ya kwanza. Asiyetaka kutembea hana haki ya kulalamika kwamba hajulikani.

Nije sasa kwenye daftari, kwa kuwa hapo ndipo nilipokuwa na sehemu yangu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mstari wa kwanza katika daftari lile hautaji fedha, umeandikwa "Mtamba wa mama." Mama yetu aliuza mtamba wake ili binti yake anunue tarakilishi. Mtamba yule angezaa na kukamuliwa. Kwa hiyo tarakilishi ile ilikuwa ni maziwa ya nyumba yetu ya miaka ijayo. Alipomkabidhi fedha hakutoa hotuba. Alisema tu, "Mwanangu, ng'ombe wangu ameingia katika sanduku hilo. Mkamue." Tangu siku ile sikuweza kuiandika hesabu ile kwa uzembe, wala mdogo wangu hakuweza kuisoma kwa mzaha.

Na mapema kabisa daftari lilisema neno zito. Programu ilikuwa ikimpelekea kila mkulima ujumbe mfupi wa simu kila siku, ukimwambia uzito wa maziwa yake. Wakulima waliupenda sana. Lakini chama kilikuwa na wakulima 200, na siku za mwezi ni 30; basi ujumbe ulikuwa 6,000 kwa mwezi. Kila ujumbe ulimgharimu mdogo wangu senti 50. Fanya hesabu, msomaji: ni shilingi 3,000. Naye alikuwa akilipwa 2,500! Kila mwezi alikuwa akitoa shilingi 500 za mfukoni mwake ili aruhusiwe kufanya kazi, na kama angalipata vyama ishirini kwa haraka, angalipata hasara mara ishirini. Nilimwonesha ukurasa ule jioni moja. Hakulia wala hakukata tamaa. Asubuhi alikwenda kituoni kuwauliza wakulima. Wengi walimwambia kwamba ujumbe mmoja kwa juma wawatosha, na anayetaka habari za siku atamwuliza karani palepale. Ujumbe ukawa 800 kwa mwezi, na gharama ikashuka hadi shilingi 400. Biashara iliokolewa na kitu cha bei ndogo kuliko soda: daftari la kurasa 96 na kalamu.

Msomaji wangu, usije ukafikiri kwamba aliyategemea mapato hayo kwa chakula. Mchana alikuwa ameajiriwa katika duka la dawa za mifugo, na programu aliitunga usiku na siku za Jumapili. Tulikubaliana kanuni moja: asiache ajira mpaka daftari lioneshe miezi sita mfululizo ambayo biashara imempa kiasi cha mshahara wake. Miezi hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili kutimia. Rafiki zake walimwona mwoga. Lakini mwenye shibe ya jana huweza kusubiri mnunuzi mwema. Mwenye njaa humkubali yeyote, kwa bei yoyote, na kwa sharti lolote.

Ziko habari za kijana wa Marekani, Eric Barone, aliyemaliza chuo kikuu mwaka 2011. Aliutunga mchezo wa tarakilishi uitwao Stardew Valley, unaohusu ukulima na maisha ya kijiji. Aliandika programu yake, akachora picha zake, na kutunga muziki wake, yote peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Katika miaka hiyo alifanya kazi ya kuwaonesha watu viti katika jumba la maonyesho mjini Seattle, na mwenzi wake alifanya kazi ili nyumba isikose matumizi. Mchezo ulitoka Februari 2016, na nakala zilizouzwa tangu wakati huo zimepita milioni 30. Watu wakiisimulia habari hii hupenda kuyataja mamilioni. Mimi napenda kumtaja yule mwenzi. Anayejitegemea hajitegemei peke yake. Nyuma yake pana mtu anayepika, anayelipa kodi ya nyumba, au aliyeuza mtamba. Ni lazima amjue mtu huyo, amweleze hali ya biashara bila kumficha, na amlipe mapema kadiri awezavyo. Katika mwaka wa tatu mdogo wangu alimnunulia mama mtamba mwenye mimba, nami nikaupiga mstari mwekundu ule mstari wa kwanza.

Sasa tuzungumze juu ya mtaji wa wengine. Vyama vilipofika tisa, alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi. Alitaka kutoa shilingi milioni tatu apewe hisa 40 katika kila 100, na katika mwaka mmoja vyama viwe 200. Mdogo wangu akamwuliza, "Je, mwaka ukiisha navyo ni 20?" Bwana yule akajibu, "Hapo itabidi tutafute kiongozi mwingine." Hakuwa mtu mbaya, na namheshimu kwa kusema kweli. Fedha zake zilikuwa na haraka, na fedha zenye haraka haziwezi kumngoja mkulima azoee. Mdogo wangu alimshukuru, akamsindikiza hadi kituo cha matatu.

Sisemi kwamba mtaji wa wengine ni haramu. Ziko kazi ambazo haziwezekani bila huo. Hapana mtu atakayejenga minara ya simu nchi nzima kwa kuuza mtamba. Nasema tu kwamba mtu apime kazi yake kwanza, kisha ndipo apime mtaji. Namjua kijana aliyekopa kwa riba, akapanga ofisi mjini, akanunua viti vya kuzunguka na kubandika jina la kampuni mlangoni, ilhali hakuwa na mnunuzi hata mmoja. Viti viliuzwa kabla programu haijauzwa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Wala kwenda polepole si lazima kuwe kubaki nyuma. Katika mji wa Atlanta, Marekani, Ben Chestnut na wenzake walianzisha Mailchimp mwaka 2001, programu ya kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuwaandikia wateja wao barua pepe. Haikuwa kazi yao kuu. Waliitunza kando ya kazi yao ya kusanifu tovuti kwa miaka kama sita, na mwaka 2007 ndipo walipoamua kuishughulikia peke yake. Hawakuchukua fedha za wenye mitaji. Mwaka 2021 kampuni ya Intuit iliinunua kwa dola zipatazo bilioni 12. Jicho lako lisinaswe na bilioni hizo, kwa kuwa wanaozifikia ni wachache mno, na walioanguka njiani hawaandikiwi habari. Litazame jambo moja tu: miaka sita ya kungoja haikuiua biashara ile. Yamkini ndiyo iliyoilea.

Limebaki funzo ambalo naliona kubwa kuliko yote, nalo ni amana. Mwenye kutunza daftari la watu ametunza siri zao. Katika programu ya mdogo wangu mlikuwa na majina ya wakulima zaidi ya 3,000, namba zao za simu, na mapato ya kila mmoja. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, mtu mmoja aliyekuwa akitafuta kura alimwomba orodha ile ili awapelekee wakulima ujumbe. Aliahidi shilingi 150,000. Fedha hizo zilizidi alichokuwa akibakiza kwa miezi minne, na kuzipata hakukutaka kazi yoyote ila kubonyeza kitufe kimoja. Mwenyekiti wa chama kimoja, rafiki wa mgombea yule, alimpigia simu kumhimiza.

Mdogo wangu alikataa. Sheria ilikuwa upande wake, kwa kuwa Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na habari za mtu haziuzwi bila ridhaa yake. Lakini sheria huwa mbali na jaribu huwa karibu. Nilimwuliza alipata wapi nguvu ya kusema la. Akanijibu, "Kaka, wewe ndiye uliyeandika daftari. Sina deni la mtu, na nina akiba ya miezi minne. Ningelikuwa na deni, sijui ningelisema nini." Mwenyekiti yule alikasirika, na chama chake kikaiacha programu. Chama kingine kimoja kiliondoka baadaye kwa kukosa fedha. Leo mdogo wangu ana vyama 14. Kwa mwezi vyama hivyo humletea shilingi 58,000. Seva ya kukodi, ujumbe, intaneti na nauli humla 17,000. Hubaki 41,000, nazo kodi ya serikali hutolewa humo. Huo si utajiri. Ni riziki, na usingizi wake ni mzuri.

Tazama jinsi mafunzo haya yanavyoshikana mikono. Kama asingaliijua taabu ya mizani, asingalikuwa na kitu cha kuuza. Kama asingalitoza bei tangu mwanzo, asingalikuwa na akiba. Kama asingaliandika daftari, akiba ingalivuja. Na kama angalikuwa na deni au bwana wa pili mwenye haraka, siku ya jaribu sauti yake isingalikuwa yake. Watu hudhani kwamba uwekevu ni tabia ya wachoyo. La, uwekevu ni ukuta wa heshima. Kila shilingi aliyoiweka akiba katika siku za amani ilikuwa tofali, na siku adui alipobisha hodi akaukuta ukuta umesimama.

Labda utasema, mimi ni mwanafunzi wa shule ya kijijini, nina nini cha kuanzia? Nchini India iko kampuni ya programu iitwayo Zoho, iliyoanzishwa mwaka 1996, ambayo imekua hadi kujulikana duniani bila kuchukua fedha za wenye mitaji. Kampuni hiyo ina shule zake zinazowapokea vijana waliotoka sekondari wasiokwenda chuo kikuu, huwafundisha na kuwaajiri. Na baadhi ya ofisi zake ziko Tenkasi, mahali pa mashamba, mbali na miji mikubwa. Basi kijiji si kizuizi, na umri wako si kizuizi. Kizuizi ni macho yasiyoona na mkono usioandika.

Jifunze hesabu, kwa kuwa programu ni hesabu iliyopewa miguu. Jifunze lugha vilevile, kwa kuwa mnunuzi hatasema taabu yake kwa namba. Ataisema kwa maneno, na nusu yake ataisema kwa kuguna. Tazama dukani, shambani, katika matatu, na katika chama cha akina mama wanaochangiana fedha, uone ni wapi watu hupoteza muda, fedha au upendo kwa sababu ya hesabu mbovu. Chagua taabu moja ndogo. Iondoe kwa mtu mmoja. Umtoze haki yako, umtunzie siri yake, uandike kilichoingia na kilichotoka. Kisha mtafute mtu wa pili.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa kwa jasho la mwenyewe hakina mtu wa kuja kukidai usiku. Anayekua kwa haraka ya wengine husimama kwa ridhaa ya wengine. Anayekua kwa kimo chake mwenyewe huchelewa kuonekana, lakini akiisha kuonekana husema ndiyo kwa hiari, na husema la bila kutetemeka.